Siku 10 za Phoenix na miaka ya Charlotte

Mwaka 2022 vyuo vya jamii vya Maricopa (vyuo vya umma vya miaka miwili), huko Phoenix, Arizona, vilianzisha kozi ya siku 10 ya kuandaa mafundi wa viwanda vya chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha kompyuta na simu. Saa 40 tu. Kampuni za chipu, Intel ya Marekani na TSMC ya Taiwan, zinazojenga viwanda eneo hilo, zilishirikiana na vyuo hivyo.

Mimi namfikiria anayefundisha. Mhadhiri wa uhandisi katika chuo cha jamii cha Marekani hapimwi kwa tafiti. Hufundisha, mara nyingi madarasa matano kwa muhula. Asubuhi anawapa vijana hesabu na saketi ili baada ya miaka miwili wahamie chuo kikuu. Jioni anaandaa mafundi kwa ajili ya kiwanda cha jirani. Kozi fupi ikija, ni yeye anayeamua nini kiachwe.

Wanaotetea kozi fupi wana hoja nzito. Phoenix wamo wakimbizi wengi kutoka Kongo, na baba anayebeba mizigo ghalani usiku kucha huwezi kumwambia asubiri miaka miwili ndipo mshahara upande. Kumfungulia mlango kwa siku 10 ni utu.

Lakini mlango huo unaelekea wapi? Julai 2023 TSMC ilisogeza uzalishaji wa kiwanda chake cha kwanza Arizona kutoka 2024 hadi 2025, ikieleza kuwa mafundi wenye uzoefu wa kufunga mitambo hiyo ni haba. Uzoefu wa namna hiyo haupatikani kwa saa 40. Agosti 2024 Intel nayo ikatangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 15,000. Aliyefundishwa tu namna ya kuingia chumba kisicho na vumbi, ambamo chipu hutengenezwa, ujuzi wake unaishia mlangoni pa chumba hicho. Aliyefundishwa saketi, pampu na kusoma michoro anaweza kwenda kutengeneza mashine za hospitali au mitambo ya maji.

Ndiyo maana navutiwa zaidi na Charlotte, North Carolina. Chuo cha Central Piedmont na Siemens walikubaliana tofauti: mwanagenzi anasoma huku akifanya kazi, kampuni inalipa ada na mshahara, na baada ya miaka kadhaa anatoka na diploma ya mekatroniki, yaani ufundi wa mashine na elektroniki kwa pamoja. Ubaya wake ni kwamba nafasi ni chache. Mpango wa namna hiyo haumezi umati unaobisha hodi Phoenix.

Kwa hiyo sisemi kozi ya siku 10 ifutwe. Nasema saa zake 40 zihesabiwe kikamilifu kama krediti za diploma, yaani alama za masomo zinazojumlishwa hadi kuipata, ili mwanafunzi akirudi mwaka ujao asianze sifuri. Vyuo vikuu navyo viache kuzikataa krediti za diploma za ufundi, jambo linalowaumiza wengi wanaotaka kuendelea. Na mhadhiri anayeongezewa kozi hizo apunguziwe darasa moja, kwa sababu wa jioni na wa asubuhi wote wanamhitaji akiwa na nguvu.