Piza kwa bibi wa mofa

Hivi nani kawaambia watoto wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwamba Jumamosi usiku watu wanakula piza? Mie nilikulia humuhumu, na Jumamosi usiku tulikula kilichobaki cha Jumamosi mchana, tukashukuru. Sasa wangu wamekaa kikao bila mie, wakapitisha azimio, wakamtuma kitinda mimba aje na taarifa. Wanajua yule simkatalii. Na siku yenyewe wameichagua ileile anayokuja mama mkwe kutoka Pangani kula nasi.

Nikatoka kununua mahitaji. Nyanya na hoho za Lushoto hazina maneno, zipo kila genge. Jibini ndiyo iliyonitoa jasho. Mji huu una maziwa mpaka mengine yanakwenda kunywewa Dar es Salaam, lakini yakishaganda yakaitwa jibini, bei yake ni ya kuku mzima tena anayetembea. Nikauliza kama wanakata nusu. Muuzaji akaniangalia viatu. Wa katikati naye kashikilia lazima pweza awemo, basi mguu na njia hadi soko la samaki la Deep Sea.

Unga tumeukanda pamoja, maana nimeambiwa siku hizi baba hakai kibarazani watoto wakipika. Uliobaki kwenye sinia si haba. Mwingine uko kwenye nywele, mwingine kaenda nao paka. Binti yangu mkubwa, anayejua kila kitu tangu aingie sekondari, akatutangazia kwamba hamira ni kiumbe hai, anakula sukari na kutoa hewa ya kaboni dioksidi, ndiyo maana unga unaumuka. Mie nikatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Kitinda mimba akauliza: akiingia motoni je? Dada mtu, bila huruma: "Anakufa." Kilichofuata ni kilio cha msiba kamili. Hatukuugusa unga ule mpaka kila mmoja ameuaga.

Tumemaliza kuuaga, umeme huo, ukaenda. Sina la kusema, mnaujua.

Hapo nikapumua, nikasema kwa sauti ya mwenye nyumba, basi Mungu hakupanga, tupike wali. Binti akatoa simu. Akanisomea kwamba huko Naples, piza ilikotoka, wanaoka kwa kuni, tanuri linafika nyuzi joto 485 za selsiasi, piza inaiva kwa sekunde 60 mpaka 90, na ufundi wao UNESCO imeuweka kwenye orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika za binadamu tangu mwaka 2017. "Kwa hiyo, baba, umeme wa nini? Si tumpelekee bibi wa mofa, mwenye tanuri lake la mikate ya mtama?"

Mtu mzima na heshima zangu, nikafunga sinia kwenye keria ya baiskeli, nikalifunika kanga ya mama watoto, nikaikokota watoto wakiwa nyuma. Ngamiani barabara zetu zina namba, na kila namba ina mwenye maswali. "Halua hiyo?" "Mnapeleka posa wapi?" Nikawa najibu "salama tu."

Bibi nilimkuta kwenye kiti chake cha mbuzi mbele ya tanuri, foleni ya wateja imejipanga na vibakuli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Piza, bibi. Naomba unisaidie moto kidogo."

Akafunua kanga. Akatazama kwa muda ambao huko Naples wangekuwa wameshakula na kuosha vyombo.

"Nyanya nje. Kitunguu nje. Pweza nje. Mwanangu, nyumbani hamna sufuria?"

"Waitaliano ndivyo wanavyopika, bibi."

"Na wao hawana?"

Foleni ikavunjika, wakaja wote kuona. Bibi akanieleza, taratibu, kama anayemfundisha bwana harusi, kwamba mkate wake wa mtama anaushika kwa kiganja chenye maji, anaupeleka ndani, anaubandika ukutani mwa tanuri, unaivia hapo hapo umesimama. "Hili lako nikilibandika, mazagazaga yote yanakwenda makaani. Utakula nini, ukuta?"

Mzee mmoja mwenye kibakuli cha mchuzi wa papa akashauri likunjwe liwe sambusa. Mama mmoja akasema hapana, bandika unga mtupu, hayo ya juu ayatie akifika kwake. Kijana wa bodaboda, ambaye hata mofa hakuja kununua, akauliza kama pweza huyo ameshachemshwa. Binti yangu akaanza kuwasomea habari za UNESCO. Mzee akamuuliza mofa nayo imeandikwa humo? Binti akatafuta, akanyamaza. Basi mzee akaapa hatoki hapo mpaka ajue kwa nini.

Bibi akatukata kauli sote. Sinia likae juu ya mdomo wa tanuri, lifunikwe bati, na juu ya bati yapaliwe makaa. Moto juu, moto chini, kama mkate wa kumimina wa mama zetu haujawahi kuivia hivyo! Nikapewa upawa nichote makaa mwenyewe, na shati langu la Ijumaa. Nyuzi 485 hazikufika. Adhana ya magharibi ilitukuta palepale, watu wazima tumelizunguka bati, kila mmoja anasema "bado."

Lilipofunuliwa, nasema kweli, lilinukia. Ndiyo ikawa balaa. Bibi akakata kipande cha moto wake, haki yake, sikatai. Mzee akakata cha ushauri. Mama akaonja, akasema chumvi haba, akaonja tena kuhakikisha. Bodaboda akachagua pweza! Jamani, pweza niliyemfuata kwa miguu mie, mtu anamdokoa kwa vidole viwili ananiambia "mwanana." Nikasema sasa basi. Nikasema kwa ukali. Mtu akanijibu, "Kaka, kula na watu."

Nyumbani mama mkwe akapewa kilichopona. Akakitazama, akauliza wali uko wapi.

Na msione nilikuwa naikokota ile baiskeli mkadhani ni kwa ajili ya sinia. Gurudumu la nyuma halina upepo, na pampu yangu iko kwa jirani tangu Mfungo Mosi. Nikimuuliza ananiambia pampu haiozi. Juzi nimemwona anawajazia watu upepo kibarazani kwake, kwa hela, na foleni ipo.