Pasta, mjomba hakutubu dakika ya mwisho

Jumamosi tulimzika mjomba na hasira bado haijanitoka. Sio hasira ya kifo, mzee aliugua na tulijua inakuja. Ni pasta. Mjomba hakuamini Mungu, kijiji kizima kinajua, sasa pasta anashika maiki, sipika inalia ngwiii, anatutangazia eti marehemu alitubu dakika ya mwisho, akaliita jina la Yesu akakata roho. Wewe ulikuwa wapi? Mimi ndio nilikuwa kando ya kitanda! Kitu cha mwisho mjomba aliniuliza ni kama nimemlipa yule kijana wa maziwa, nikamwambia ndio, akasema sawa, akalala. Hapo hakuna Yesu, hapo kuna deni la maziwa.

Na hii tabia ya kuwaokoa watu wakishakuwa maiti haikuanza kwetu. Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe, alikufa 1882, ikifika 1915 mama mmoja anaitwa Lady Hope akatoa hadithi gazetini Marekani kwamba alimkuta mzee kitandani anasoma Biblia na kujutia mambo yake. Binti yake Darwin, Henrietta, ilibidi aandike 1922 kwamba yeye ndiye alikuwa pale baba akifa na huyo mama hakuwepo. Imesaidia? Hadi leo unatumiwa WhatsApp na shangazi. (Na Darwin hata hakujiita mkana Mungu, alisema tu hajui, lakini nani anataka kusikia hayo.)

Mwingine ni Hume, yule mwanafalsafa wa Scotland. Julai 1776 anaumwa, amekonda, rafiki yake Boswell akaenda kumwona, kusema ukweli alienda kuchungulia kama mzee ameanza kutetemeka. Akamuuliza kama haogopi kutoweka kabisa. Hume akamjibu hata kidogo, haimsumbui kuliko kufikiria kwamba kabla hajazaliwa hakuwepo. Boswell ndiye alitoka pale moyo unamdunda. Halafu Adam Smith, yule mwanauchumi rafiki yake Hume, akaandika barua kusema Hume alikufa kwa amani, na akatukanwa kwa hiyo barua kuliko kwa yote aliyoandika kuhusu biashara ya Uingereza. Yaani kosa lilikuwa kufa vizuri!

Mjomba hakuwahi kusoma Hume lakini alikuwa na yake ileile. Alizaliwa 1951, ukimwambia utaenda wapi ukifa anakuuliza, "1940 nilikuwa wapi? Nililalamika?" Basi, anarudi kwa redio yake. Nimetafuta jibu la hiyo sijapata, na mimi kanisani naenda.

Wale wa "bila jehanamu mtaiba na kuua", mjomba alishika pesa za mradi wa maji na hakuna shilingi ilipotea. Tuongee sasa kuhusu waweka hazina waliookoka? Haya.

Sensa ya 2019 hapa Kenya watu 755,750 waliandikwa hawana dini. Wote watakufa kama sisi, na wengi watasimamiwa na pasta wa kukodi asiyejua hata jina lao la pili.

Sawa, kuna kitu nitakubali japo kwa shingo upande. Akina mama wa kanisa ndio walipika, ndio walileta tenti, ndio waliimba hadi shangazi akaacha kulia, na wenzake mjomba wa kutoamini sikuona hata mmoja akimenya viazi. Halafu binti yake mdogo akaniuliza kama baba anaona vile tumempanga. Mjomba angemwambia hapana mwanangu, haoni, haumwi, hakuna kitu kinamsumbua. Yeye alikuwa na moyo wa kusema hivyo. Mimi nilimwambia twende tukatafute soda.

Kwa hivyo pasta, ukiitwa tena kumzika mtu kama huyu, soma wasifu vile familia imeandika, utuombee sisi tuliobaki maana tunahitaji kweli, na za kitandani waachie waliokuwa kitandani.