Picha "safi" haimaanishi mgonjwa hana kitu

Makala ni nzuri, ila pale mwandishi anapodai kwamba kipimo cha CT (picha za eksirei zinazoonyesha mwili vipande vipande) kisipoonyesha kitu basi maumivu ya tumbo ni msongo wa mawazo, sikubaliani naye hata kidogo.

Chukueni ateri ya siliaki, mshipa unaopeleka damu kwenye tumbo, ini na bandama. Kwa baadhi ya watu hubanwa na utepe wa kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mbano huzidi mtu anapotoa pumzi, lakini mara nyingi mgonjwa kwenye CT huambiwa avute pumzi na kuizuia! Ndiyo maana ultrasaundi ya Dopla hupima kasi ya damu katika hali zote mbili. Tena mbano wenyewe huonekana vizuri kwenye picha za kutazama mwili kwa ubavuni. Kwenye zile za mkato wa kawaida, zinazokata mwili kwa upana, ni rahisi kupitwa.

Upo pia ugonjwa wa Wilkie: duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, hubanwa kati ya aota (ateri kuu ya mwili) na ateri inayolisha utumbo, pembe baina yao ikipungua, mara nyingi baada ya mtu kukonda sana.

Sisemi kila mbano ni ugonjwa. Wapo wanaoonekana nao kwenye picha na hawaumwi popote. Kwa hiyo daktari anayeomba kipimo aandike: maumivu huja baada ya kula? Uzito umeshuka? Fomu yenye maneno "maumivu ya tumbo" tu haimsaidii mtaalamu wa radiolojia, anayesoma picha hizo, kujua atafute nini.