Mhitimu wa jiografia aweze kufanya nini?

Malengo ya kozi za jiografia vyuoni mara nyingi huandikwa hivi: mwanafunzi ataeleza, atafafanua, atataja. Kwangu hayo hayatoshi. Mpeleke mhitimu mahali, mpe siku chache, kisha akwambie pale pana nini, kwa nini pako hivyo, na amejuaje.

Chukua bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Mto unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Jangwani na kumwagikia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Mwanafunzi aliyeshika ramani ya skeli ya 1:50,000 anajua kwamba sentimita 2 ni kilomita 1. Vizuri. Lakini kama kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, zinapishana kwa mita 20, ramani hiyo haiwezi kumwonyesha maji yataingia nyumba ipi, kwa sababu bondeni nusu mita tu ya mwinuko inaamua nani atalala pakavu. Ajue ramani yake inaishia wapi, na ajue pa kutafuta kilichobaki.

Kilichobaki wanacho wakazi. Kuanzia 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walichora mitaa inayofurika wakishirikiana na wenyeji. Kazi ya namna hiyo ina adabu zake: unaanza kwa mjumbe, unabisha hodi, unauliza, "Shikamoo mama, mwaka ule maji yalifika wapi?" Anakuonyesha mstari wa tope ukutani. Unaupima kwa tepu, unauliza na jirani, ndipo unaandika. Haya yanastahili alama nyingi kuliko insha ya mtihani.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na wapo waliorudi bondeni. Watu husema ni wabishi, basi. Mwanajiografia akikomea hapo, shahada haijamsaidia kitu. Aulize nauli ya kufika Kariakoo, kibarua kinapatikana wapi, watoto wanasoma shule gani. Umbali haupimwi kwa kilomita peke yake.

Ndiyo maana ningependa mtihani wa mwisho ufanyike kwenye ofisi ya mtaa: mwanafunzi abandike ramani yake, wakazi wamhoji, na mhadhiri akae nyuma akiandika alama.