Nani abebe gharama ya swali? Mizani ya violesura vya Wikidata

Wikidata, hifadhidata huria iliyo dada wa Wikipedia, ilianza Oktoba 2012, na leo ina vitu zaidi ya milioni 100: nchi, mito, waandishi, magonjwa, magazeti. Kila kimoja kimeunganishwa na vingine, na vyote pamoja vimekuwa ramani moja ya maarifa ambayo kompyuta inaweza kuisoma. Programu inayoiendesha, Wikibase, ni huria. Maktaba au makumbusho yoyote inaweza kuipakua ikajenga ramani yake. Ubishi haupo kwenye kuhifadhi. Upo kwenye kuchota: programu ya nje iruhusiwe kuuliza swali lolote, au ipewe njia chache zilizopangwa mapema?

Wanaotetea swali huria wana hoja nzito. Tangu 2015 Wikidata ina huduma ya maswali inayotumia lugha ya SPARQL. Unaweza kuuliza: ni waandishi gani wanawake waliozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, ambao kumbukumbu zao hazina maelezo ya Kiswahili? Jibu linakuja kwenye jedwali, tayari kufanyiwa kazi. Hakuna mbunifu ambaye angekaa akatengeneza njia maalumu ya swali kama hilo, maana hakujua kwamba siku moja litaulizwa. Ramani ya maarifa inapata thamani yake hasa katika maswali ambayo walioijenga hawakuyawazia, na mimi sikubaliani kabisa na wanaosema huduma hii ni anasa ya watafiti.

Lakini seva inalipa. Kabla ya kuanza kazi haiwezi kujua kwa uhakika kama swali ni jepesi au zito. Mistari mitano tu yaweza kuilazimisha kupekua mamilioni ya viunganishi. Wikidata imeweka kikomo cha sekunde 60. Kikifika, swali linakatwa, aliyeuliza anarudi mikono mitupu, na nguvu ya seva imeshatumika. Injini iliyo chini ya huduma hiyo, Blazegraph, haiendelezwi tena. Grafu, yaani ramani hiyo ya viunganishi, ilipozidi kuvimba, mwaka 2025 ikabidi igawanywe, makala za kitaaluma zikapewa huduma yao peke yake. Waliokuwa wakiuliza kwa kuvuka pande zote mbili walilazimika kuandika upya maswali yao. Huo ndio udhaifu wa kuachia kila kitu: programu za watu zinaegemea umbo la ndani la hifadhidata, na umbo likibadilika zinaanguka.

Njia zilizopangwa hazina tatizo hilo. API ni kiolesura, yaani mlango ambao programu moja hupitia kuomba data kwa nyingine, na katika mtindo wa REST kila kipande cha data kina anwani yake. Ukitumia API ya REST ya Wikibase kuomba jina la Kiswahili la Q924, ambacho ni kitambulisho cha Tanzania, unarudishiwa neno moja: "Tanzania". Ukiomba rekodi nzima ya nchi hiyo, unapata JSON, maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome, yenye majina ya lugha nyingi mno, viungo, takwimu na marejeo, laki kadhaa za baiti au zaidi. Kwa mwanafunzi anayetumia simu na bando la siku, tofauti hiyo ni pesa. Tena majibu madogo ya anwani isiyobadilika huhifadhika kirahisi: programu ikirudi kuuliza, seva yaweza kujibu kwa msimbo 304 tu, yaani hakuna kilichobadilika, tumia ulichonacho.

Kuna waliojaribu kupita katikati. Ruben Verborgh na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walipendekeza seva ijibu vipande vyepesi tu vya swali, kisha kompyuta ya mtumiaji ifanye kazi ya kuviunganisha. Seva inapumua kweli. Ila swali moja sasa limekuwa maombi mengi, pengine mamia, na kila ombi lazima liende na kurudi. Kwenye nyaya za chuo kikuu cha Ulaya hilo linavumilika. Kwenye mtandao wa simu unaosuasua, kinachochosha zaidi si ukubwa wa jibu, ni idadi ya safari. Gharama haikupungua, ilihamishwa kutoka kwa mwenye seva kwenda kwa mwenye simu.

Ndiyo maana nadhani kipimo cha ufanisi kinawekwa mahali pasipo sahihi. Tunahesabu maombi ambayo seva inayamudu kwa sekunde, ilhali tungehesabu safari na baiti anazotumia mtu hadi skrini yake ijae. Kwa kipimo hicho, hata njia finyu za REST zina kasoro: majina ya wilaya 40 yanaweza kuhitaji maombi 40. API ya zamani ya Wikidata, yenye vigezo vingi na sura isiyopendeza, inakubali vitambulisho 50 kwa ombi moja, na unaweza kuiambia ilete majina tu, kwa Kiswahili tu. Mbunifu anayejenga Wikibase yake leo angeanza na uwezo huo wa kuomba kwa mafungu, aache SPARQL wazi lakini kwenye mashine ya pembeni yenye kikomo, na atoe nakala nzima za data kwa wanaotaka kupekua usiku kucha.

API hiyo ya zamani ina jambo jingine ambalo njia mpya zisilipoteze. Jina la Kiswahili likikosekana, unaweza kuitaka ilete la lugha nyingine, nayo hutaja wazi: hili ni la Kiingereza, limeletwa badala ya la Kiswahili. Programu ikiusoma ujumbe huo, yaweza kuweka kitufe pembeni ya jina, na msomaji anayelijua la Kiswahili akaliandika papo hapo.