Kitanda Hakikuazimwa

Juma lililopita mwanangu aliye gredi ya sita alirudi nyumbani na daftari la Kiswahili lililonikosesha usingizi. Walikuwa wameulizwa asili ya maneno manne: meza, kabati, sanduku na kitanda. Matatu ya kwanza aliyapata. Penye kitanda aliandika hivi: "Kibantu, kwa sababu kitanda hutandikwa." Jibu hilo limekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa neno moja tu: Kiarabu.

Katika matatu yale sina ugomvi na mwalimu. Wareno walitia nanga Malindi mwaka wa 1498, na katika miaka waliyokaa pwani walituachia meza, kasha, leso, hata foronya tunayovalisha mito. Kabati ni la Waingereza na sanduku ni la Waarabu, na hakuna aibu katika hilo, kwa kuwa watu waliokula wakiwa wamezunguka sinia juu ya mkeka hawakuwa na haja ya neno la meza mpaka meza yenyewe ilipoletwa.

Kitanda ni jambo jingine kabisa. Mwarabu hukiita sarir, na hakuna njia ya sauti wala ya maana inayoweza kulitoa neno letu katika hilo lake. Nadhani kilichompoteza mwalimu ni kitabu. Kitabu kweli ni cha Kiarabu, na "ki" yake ni sehemu ya mzizi, ila masikio yetu yaliifananisha na kiambishi chetu, tukapata vitabu kama tunavyopata viti na visu. Lakini ukiiondoa "ki" hiyo hutabaki na kitu chochote kinachohusiana na kusoma au kuandika. Iondoe katika kitanda, uone kinachobaki: tanda, kitenzi kilicho hai, chenye jamaa wengi kuliko ukoo wangu. Wingu hutanda. Buibui huacha utando, nao huitwa tandabui. Mama hujitanda mtandio kabla ya kutoka. Tunatandika asubuhi, tunatandua, tunatandaza mkeka barazani, na mtu aliyeshiba hutandawaa. Hata mtandao, ambao watoto wetu hawabanduki kwake, umezaliwa katika mzizi huu huu wa kutanda na kutandaa.

Nitaambiwa kwamba maneno ya kigeni nayo huzaa, na ni kweli: safiri limetupa msafiri, na hitaji limetupa mhitaji. Nakubali, wingi wa jamaa peke yake hauthibitishi asili. Lakini hao wote tunaweza kuwafuata nyuma hadi katika neno la Kiarabu linalojulikana. Anayedai kwamba kitanda ni cha Kiarabu na atuonyeshe neno la Kiarabu kilikotoka.

Kuna ushahidi mwingine, nao niliuona kwa macho yangu kabla sijajua kusoma. Marehemu babu yangu, mtaa wa Langoni mjini Lamu, alikuwa na vitanda vya kamba, au zitanda kama alivyoviita mwenyewe kwa Kiamu chake, lahaja ya huko. Kila kamba zilipolegea, alikitoa kitanda uani, akakagua matendegu manne na mifumbati miwili ya ubavuni, akagonga vitakizo vya kichwani na miguuni mpaka vikakaa sawa, kisha akaanza kuwamba upya. Kamba ilikuwa ya makumbi, iliyolowekwa kwanza, na kazi yangu ilikuwa kuishika kwa mikono miwili isirudi nyuma wakati yeye akiipitisha upande wa pili. Alizivuta kamba za urefu kwanza, zote, mpaka kiunzi kikatanda kamba tupu, ndipo akaanza kuzisokota za upana katikati yake, moja juu, moja chini. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba nyuzi za urefu anazozitanda mfumaji kabla hajapitisha mshindio, yaani nyuzi za upana, huitwa mtande, na kwamba chombo chake cha kazi, kile kiunzi kinachobeba nyuzi hizo, watu wetu walikiita kitanda cha mfumi. Nilisimama pale pale nilipokuwa. Babu alikuwa akifuma! Watu walioishi ng'ambo ya Pate, mji uliosifika zama za Wareno kwa nguo zake za hariri, waliona jambo moja katika kiunzi cha nguo na kiunzi cha kulalia, wakaviita kwa jina moja, kwa sababu vyote viwili ni mbao zilizotandwa nyuzi. Maana hiyo haikuja na jahazi lolote.

Na mzizi huu haukuishia pwani yetu. Kule Angola, upande wa bahari ya Atlantiki, ambako dau la Lamu halikupata kufika, wasemaji wa Kimbundu wana neno kitanda kwa maana ya soko. Neno hilo lilivushwa hadi Brazili, ambako mpaka leo duka la mboga na matunda huitwa quitanda.

Samadari nawaachia. Kitanda kile cha fahari kimetoka Bara Hindi na jina lake ni la kigeni, nami sitajaribu kulivika kanzu ya hapa. Lakini kitanda ndicho tulichozaliwa juu yake, ndicho wagonjwa wetu wanachohesabiwa kwacho hospitalini, na ndicho tutakachooshewa siku ya mwisho, maji yakipita kati ya kamba. Tumekwisha kuambiwa kwamba milango yetu ni ya wengine, kwamba nyumba zetu za mawe ni za wengine, kwamba hata lugha yetu ni Kiarabu kilichopotoka. Mtoto wa Lamu anapolitazama neno akaligundua kuwa ni la kwao, tena kwa hoja yake mwenyewe, bila ya kufundishwa na mtu, halafu akaambiwa amekosea, mimi siwezi kunyamaza.

Jumatatu nitakwenda kumwona mwalimu. Sitakwenda kwa shari, kwani ni mtu mwema na ana wanafunzi wengi kuliko nguvu zake. Nitamwomba aisome tena ile sababu aliyoiandika mtoto, maneno machache tu, kisha amrudishie alama yake.