Mistari ya Mwanga Haingoji Macho ya Mtu

Kwenye semina moja hapa Kisumu majuzi, msemaji aliwaambia vijana waliolipa kiingilio kwamba elektroni hubadilika ikitazamwa, basi waza utajiri nao utakuja. Ukumbi ukapiga makofi. Nilitoka nimekasirika, na hasira haijanitoka.

Alikuwa akilipotosha jaribio la mianya miwili: mwanga, au elektroni (chembe ndogo mno zilizomo ndani ya atomi), ukiwa na njia mbili za kupita huchora ukutani mistari ya mwanga na giza, na mistari hiyo hufutika njia iliyopitwa ikiweza kujulikana. Lakini mistari ile haitoweki kwa mkupuo kwa sababu mtu ametupa jicho. Ina kipimo. Chukua mwangaza wa mstari mkali kabisa, toa wa mstari hafifu kabisa, gawanya kwa jumla yao. Giza likiwa totoro utapata 1. Mistari ikifutika, 0. Mwangaza wa 6 na 4 unakupa 0.2. Mwanafizikia Albert Michelson alikitumia kipimo hiki miaka ya 1890, kabla nadharia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, haijazaliwa.

Nenda kwa fundi wa simu pale Kondele umwombe kalkuleta iliyokufa. Bandua ile plastiki ya kijivu iliyo juu ya kioo. Hupitisha mawimbi yanayotikisika upande mmoja tu. Nyosha waya mwembamba mbele ya tochi ya leza (isielekee macho ya mtu), na ukutani utaona mistari. Sasa bandika kipande cha plastiki kila upande wa waya, kisha zungusha kimoja kidogo kidogo hadi vikingamane, ukihakikisha mwanga unapita sawa pande zote mbili. Mistari inafifia polepole mpaka inakwisha. Hakuna aliyechungulia mwanga umepita wapi! Umebeba wenyewe alama ya njia yake, yaani upande unaotikisikia, na hiyo inatosha.

Alama hiyo inaweza pia kuwa nusunusu. Mwaka 1996 mwanafizikia Berthold-Georg Englert alionyesha kwamba mraba wa uwezo wa kutambua njia, ukijumlishwa na mraba wa kipimo cha mistari, hauzidi 1. Tambua njia kwa 0.6, na mistari bado yaweza kufika 0.8. Uzuri huu ndio vijana wale walionyimwa.

Nakiri shingo upande kwamba mwanafizikia Eugene Wigner, mshindi wa Nobel, mwaka 1961 alidai kwamba fahamu ya binadamu ina nafasi katika upimaji wa chembe hizi. Baadaye aliachana na wazo hilo.

Mwaka 2004 huko Vienna, Austria, molekuli za atomi 70 za kaboni, ambazo nazo huchora mistari, zilipashwa moto kwa leza. Kadiri zilivyozidi joto ndivyo zilivyotoa mwanga wao wenyewe, uliobeba alama ya njia yao, na mistari ikafifia. Msemaji akirudi, mwulizeni ni nani aliyekuwa akizitazama.